Chipu zampa kisogo mnunuzi wa kawaida

DESEMBA 3, 2025, kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza kuachana na biashara ya kuwauzia wananchi wa kawaida chipu za kumbukumbu kwa jina la Crucial, biashara iliyodumu kwa miaka 29. Sababu iliyotolewa ni kwamba vituo vya data vya akili mnemba vinahitaji kumbukumbu nyingi mno, na wateja wakubwa ndio watakaohudumiwa kwanza.

Huenda habari hiyo ikaonekana kuwa ya mafundi wa kompyuta tu. Sivyo. Ni dalili kwamba utaratibu ulioinufaisha dunia kwa zaidi ya nusu karne umeanza kulegea.

Mwaka 1965 Gordon Moore, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waasisi wa Intel, alibashiri kwamba idadi ya vijenzi katika chipu moja ingeongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 akarekebisha kuwa kila miaka miwili. Chipu ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista zipatazo 2,300. Ile ya Nvidia iitwayo H100, ya mwaka 2022, ina bilioni 80.

Hata hivyo, kilichoigusa jamii si wingi huo bali bei. Kadiri transista ilivyozidi kuwa ndogo ndivyo ilivyozidi kuwa rahisi, na alichonunua tajiri leo, mchuuzi alikimudu baada ya miaka michache. Hakuna aliyefanya hisani. Hesabu za viwanda ndizo zilizotaka hivyo. Bila mteremko huo wa bei simu ya mkononi isingefika vijijini, na M-Pesa iliyozinduliwa Kenya mwaka 2007 isingepata wateja.

Mteremko huo sasa umefika penye mawe. Mitambo ya kuchora chipu za kisasa kabisa kwa mwanga wa urujuanimno hutengenezwa na kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi, na ni kampuni chache mno zinazoweza kuimudu. Kwa hiyo wahandisi wamegeukia njia nyingine: kuigawa chipu vipande vipande kisha kuviunganisha, na kuzipanga kumbukumbu tabaka juu ya tabaka mfano wa ghorofa.

Huo ni ubunifu wa kweli, wala haustahili kubezwa. Tatizo ni kwamba kumbukumbu za ghorofa hutengenezwa kwa ajili ya vituo vya data, na hula nafasi ya kiwanda ambayo ingetoa kumbukumbu za simu na kompyuta za kawaida. Kampuni tatu, Samsung, SK Hynix na Micron, ndizo zinazotawala soko hilo. Zote zikiegemea upande mmoja, shule inayotaka kununua kompyuta kumi haina pa kukimbilia.

Serikali nazo zina hesabu zao. Sheria ya Marekani ya mwaka 2022 ilitenga takriban dola bilioni 52 ili viwanda vijengwe nchini humo. Bei ya simu ya mchuuzi haikuwamo katika mjadala. Anayeweza kuziba pengo ni CXMT ya China, lakini vikwazo vilivyotangazwa na Marekani Oktoba mwaka huohuo viliigusa hata mitambo ya kutengenezea kumbukumbu za kisasa.