-127 si baridi, jamani!

Leo nina hasira, mtanivumilia.

Rafiki yangu anafuga chatu (ana kibali cha KWS, msianze!). Majuzi aliniomba nimwangalizie programu ya kudhibiti joto la tangi, aliyoitoa kwenye intaneti. Arduino, sensa ya DS18B20, rilei na mkeka wa joto. Laini 20 hivi, na kiini chake ni hiki: joto likiwa chini ya 32, washa.

Nikachomoa waya wa sensa. Maktaba ya DallasTemperature ikikosa sensa hurudisha -127. Na -127 ni chini ya 32, ama vipi? Mkeka ukawaka na haukuzima tena. Sasa fikiria chatu amevuta ule waya usiku wa manane, wewe umelala. Wanyama hawa huungua tumbo wakiwa wamejilaza palepale.

"Lakini inafanya kazi." Inafanya kazi siku sensa ikiwa nzima! Hiyo ni bahati tu.

Sisemi ununue sensa ghali. Ninasema kisomo kisichowezekana kizime mkeka na kipige kelele. Hata 85, ambayo sensa hii huitoa ikiwashwa kabla haijapima, itupe. Halafu rilei nazo hugandana ndani zikabaki zimewasha, na hapo programu yako haina la kufanya. Weka thamostati ya pili isiyo na programu yoyote, kwenye waya uleule wa stima, ikate yenyewe joto likizidi.

Na unyevu? Huko ndiko vichekesho. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 60, ukiipasha hadi 32 bila kuondoa tone la maji, kipimo kitasoma kama 40. Maji ni yaleyale! Programu ile inaona 40, inanyunyiza. Mkeka unapasha, inasoma chini, inanyunyiza tena. Asubuhi matandiko yamelowa chepechepe, na baada ya muda magamba ya tumbo yanaanza kuoza. Sensa ya unyevu iwekwe upande wa baridi, na pampu iwe na kikomo kwa siku. Ni laini mbili tu za ziada, kaka.

Nilimwandikia mwenye programu. Alijibu kwamba nyoka wake hajawahi kulalamika.