Likizo ya Skuli Bure kwa Nani?

Skuli zikifungwa mwezi wa Agosti, watoto wa Pipeline huchezea mpira ngazini, kwa jinsi magorofa yalivyobanana. Jirani zangu husema likizo ni ya wenye pesa za hoteli. Mimi, ndugu msomaji, sikubali.

Kituo cha treni cha Syokimau si mbali nasi. Nauli ya daraja la chini hadi Mombasa ilipopandishwa Januari 2024 ikawa shilingi 1,500, na mtoto wa chini ya miaka 12 hulipa nusu. Mume, mke na wana wawili, kwenda na kurudi, ni shilingi 9,000. Si haba, lakini ukiziweka kidogo kidogo tangu mwanzo wa mwaka zapatikana. Tiketi ikatwe mapema, maana skuli zikifungwa treni hujaa na mabasi hupandisha nauli.

Hesabu huharibika tukishafika. Malazi twasema ni bure, kwa kuwa twafikia kwa bibi. Bure kwa nani? Mkaa, nazi, sukari na maji ya kununua vyatoka kwa kikongwe asiye na mshahara, naye ndiye aamkaye alfajiri kukanda unga wa watu sita. Wengine humwachia watoto mwezi mzima, kisha hurudi Nairobi wakijisifu kwamba wamebana matumizi! Wamembana bibi, wallahi. Pesa ambazo mngelia chakula Pipeline mtieni mkononi siku ile ile ya kufika, kabla hamjafungua mikoba. Na jikoni waingie wavulana pia.