Pengo la Japani na dunia: faida ya nani?

Wafanyabiashara wenzangu, leo nina neno kwa wanaouza kadi za kuchezea na kukusanya, kina Pokémon na One Piece. Kama huuzi kadi, soma tu. Mzigo wowote unaotoka nchi moja kabla ya nyingine una tabia hizi hizi.

Kadi za Pokémon kwa kawaida hutoka Japani kwanza. Seti ya 151 ilitoka kule tarehe 16 Juni 2023, ya Kiingereza ikaja 22 Septemba. One Piece ilianza na pengo kubwa zaidi: Romance Dawn ilitoka Japani Julai 2022, Kiingereza Desemba.

Wauzaji wengi wanalipenda hilo pengo. Wanasema ndo pa kupigia hela: unaagiza boksi la Kijapani mapema, unamuuzia asiyeweza kusubiri. Tena unaona kadi gani inakimbiliwa kule, unajipanga.

Mimi naona muuzaji mdogo anaumia kuliko anavyofaidi. Unachokiona Japani, mwenye mtaji naye anakiona siku hiyo hiyo. Akishajua seti ina moto, anaagiza nyingi bila woga. Msambazaji akiwa na mzigo mchache, mwenye historia ya oda kubwa ndo anaanza kupewa. Wewe unabaki na makombo.

Halafu mzigo wa Kijapani una siku zake. Mwanzoni kadi moja moja zina bei kwa sababu pakiti zilizofunguliwa ni chache. Zikifunguliwa nyingi, bei inashuka. Likitoka toleo la Kiingereza, baadhi ya wateja wanahamia huko. Kama boksi lako bado liko njiani, umekwisha.

Sasa tazama Magic: The Gathering. Seti zake kuu hutoka kwa Kijapani na Kiingereza wakati mmoja. Gundam Card Game ya Bandai nayo ilianza hivyo Julai 2025, Japani na nje pamoja. Hapo hata mwenye mtaji anabahatisha kama wewe. Mgao wa mzigo bado hauwi sawa, lakini anayemjua mteja wake anapata nafasi. Ndo maana nasema tarehe ziwe moja.

Mpaka hapo, fanya hivi:

1. Usichukue hela ya mteja kabla msambazaji hajathibitisha idadi yako. Ukishindwa kuleta, kinachopotea ni jina, na jina halina punguzo.

2. Hesabu siku za usafiri na forodha. Mzigo ukikaribia kugongana na toleo la Kiingereza, acha.

3. Andika lugha ya kadi wazi. Boksi la kawaida la Pokémon la Kijapani lina pakiti 30 za kadi 5, la Kiingereza pakiti 36 za kadi 10. Mteja asiyejua hilo ataona umempunja.

Wewe unaonaje, pengo libaki au life? Tuambie hapo chini.