Wa Mwisho Huchagua Kwanza

Marekani ni nchi inayosifu ushindani wa kibiashara kuliko nchi nyingi duniani. Hata hivyo, mchezo wenye watazamaji wengi kuliko yote nchini humo, yaani kandanda ya Kimarekani, huendeshwa kwa kanuni ambayo mfanyabiashara wa kawaida angeikataa mara moja. Kila mwaka vijana wanapomaliza michezo ya vyuo vikuu, timu iliyoshika mkia hupewa nafasi ya kwanza ya kuwachagua, na bingwa hungoja hadi mwisho. Kanuni hiyo ilipendekezwa mwaka 1935 na Bw. Bert Bell, mmiliki wa timu ya Philadelphia Eagles, na uteuzi wa kwanza ulifanyika Februari 1936. Haikutokana na huruma. Timu ya Bw. Bell ilikuwa dhaifu, naye alitambua kwamba ligi ambayo matajiri wachache hushinda kila mwaka itakosa watazamaji hata kwa matajiri hao wenyewe.

Kanuni hiyo ni ya haki, na imeisaidia ligi hiyo kudumu. Lakini ipo imani iliyoenea miongoni mwa mashabiki kwamba haki hiyo peke yake yatosha: kwamba timu ikishindwa vya kutosha, itapata vijana bora, na vijana bora wataleta ushindi wenyewe. Historia ya timu ya Detroit Lions yaonyesha wazi kwamba imani hiyo ni potofu. Kwa muda mrefu hakuna timu iliyopewa zamu za mwanzo mara nyingi kama Detroit ikafaidika nazo kidogo hivyo. Tangu ilipotwaa ubingwa mwaka 1957 hadi mwisho wa mwaka 2023, timu hiyo ilishinda mchezo mmoja tu wa mtoano, dhidi ya Dallas, Januari 1992.

Msomaji aliyezoea kandanda ya kawaida atahitaji maelezo kidogo. Katika mchezo huu kila upande huwa na watu 11 uwanjani. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kuusogeza mpira yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine manne, ikishindwa huwaachia wapinzani. Mashambulizi huongozwa na mtu mmoja aitwaye kwotabeki. Yeye huupokea mpira, hutazama mbele, na ndani ya sekunde mbili au tatu huamua ama kuurusha kwa mdakaji aliyekimbilia mbali, ama kumkabidhi mkimbiaji aliye karibu naye. Mbele ya kwotabeki husimama watu watano wakubwa wa miili, ambao aghalabu kila mmoja ana uzito unaozidi kilo 130, na ambao sheria za mchezo haziwaruhusu kudaka mpira isipokuwa kwa utaratibu maalumu. Kazi yao ni kuzuia. Jina la mmoja wao likisikika uwanjani, mara nyingi ni kwa sababu mwamuzi amemwadhibu. Hao ndio ukuta, na bila ukuta zile sekunde mbili hazipo.

Mwaka 2001 uongozi wa Detroit ulikabidhiwa kwa Bw. Matt Millen, mchezaji wa zamani mwenye sifa zake. Mwaka uliofuata alimchagua kwotabeki, Joey Harrington, katika zamu ya 3. Mwaka 2003, akiwa na zamu ya 2, alimchagua mdakaji, Charles Rogers. Mwaka 2004 akachagua mdakaji mwingine, Roy Williams. Mwaka 2005 akachagua mdakaji wa tatu, Mike Williams, kijana ambaye msimu mzima wa 2004 hakuwa amecheza popote. Mwaka 2007 akachagua wa nne. Huu ni uongozi wa mtu anayenunua mapazia kabla ya kufyatua matofali. Wadakaji hupendeza machoni. Wana mbio, huruka juu, picha zao hujaza magazeti. Lakini mdakaji hawezi kudaka mpira ambao haukurushwa, na kwotabeki aliyelala chini hawezi kuurusha. Bw. Millen aliondolewa Septemba 2008, na msimu huo timu aliyoijenga ilicheza michezo 16 ikashindwa yote 16.

Haitoshi kuhesabu michezo iliyopotea. Charles Rogers alikuwa mzaliwa wa Saginaw, mji ulio katika jimbo lilelile la Michigan, na alipewa mzigo wa kuwa mwokozi wa nyumbani akiwa na umri wa miaka 21. Alivunjika mfupa wa bega katika msimu wake wa kwanza, akavunjika tena katika mchezo wa kwanza wa msimu wa pili. Alicheza michezo 15 tu kwa miaka mitatu, kisha akaachwa. Alifariki Novemba 2019, akiwa na umri wa miaka 38. Haingekuwa haki kusema kwamba uteuzi ndio uliomuua. Hata hivyo, wanaoketi mezani na orodha za majina, wakizungumzia zamu ya 2 na zamu ya 10 kana kwamba wanagawa viti, hawana budi kukumbuka kwamba kila jina ni mtoto wa watu.

Wala haikuwa kwamba vijana wote waliochaguliwa na Detroit walikuwa dhaifu. Yule mdakaji wa mwaka 2007, Calvin Johnson, alikuwa mmoja wa wadakaji bora waliopata kutokea. Mwaka 2012 alijikusanyia yadi 1,964, idadi ambayo hakuna mdakaji aliyekuwa ameifikia katika msimu mmoja. Timu yake mwaka huo ilishinda michezo minne na kupoteza 12. Kabla yake alikuwapo mkimbiaji Barry Sanders, aliyechaguliwa mwaka 1989, ambaye aliacha mchezo mwaka 1999 akiwa bado na nguvu zake. Johnson naye aliacha akiwa na miaka 30. Kwotabeki Matthew Stafford, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2009, alitumikia misimu 12 na hakushinda hata mchezo mmoja wa mtoano. Watu watatu wa kipaji kikubwa walitumika kuziba pengo lilelile.

Januari 2021 timu ilipata Meneja Mkuu mpya, Bw. Brad Holmes, na kocha mpya, Bw. Dan Campbell. Hatua yao ya kwanza ilikuwa chungu. Stafford alipelekwa Los Angeles Rams, na badala yake Detroit ikapata kwotabeki Jared Goff, ambaye Rams ilikwisha kumchoka, pamoja na zamu za duru ya kwanza za mwaka 2022 na 2023 na moja ya duru ya tatu. Wengi walimwona Goff kama nyongeza tu ya bei, mtu wa kushikilia nafasi hadi apatikane mwingine. Stafford, kwa upande wake, alitwaa ubingwa na Rams katika msimu wake wa kwanza huko, na mashabiki wa Detroit wakabaki kumpigia makofi kwa mbali.

Ndipo ulipofika uteuzi wa Aprili 2021, na hapo ndipo uamuzi mkubwa ulipofanyika. Detroit ilikuwa na zamu ya 7. Ilikuwa na upungufu wa wadakaji usiofichika, na vishawishi vya zamani vilikuwapo vyote. Bw. Holmes alimchagua Penei Sewell, kijana wa miaka 20 mzaliwa wa American Samoa, mtu wa ukuta. Picha zilizotoka chumbani mwao zilimwonyesha meneja huyo akishangilia kwa kelele kama aliyepata mtoto wa kwanza. Ni nadra kumwona kiongozi akifurahia tofali kiasi hicho.

Yafaa pia kutaja jambo ambalo halisemwi sana. Katika ukuta huo walikuwapo tayari Taylor Decker, aliyechaguliwa mwaka 2016, na Frank Ragnow, aliyechaguliwa mwaka 2018, wote wawili wakiwa wameteuliwa na uongozi uliotangulia, uongozi ulioondolewa kwa kushindwa. Kiongozi mpya aghalabu hutamani kubomoa kila alichokuta ili sifa ziwe zake peke yake. Bw. Holmes aliwabakiza. Mdakaji alimtafuta baadaye, katika duru ya nne: Amon-Ra St. Brown, zamu ya 112, baada ya timu mbalimbali kuchagua wadakaji wengine 16. Kijana huyo aliyahifadhi majina ya wote 16 moyoni, na kila Jumapili alicheza kama mtu anayewajibu mmoja mmoja.

Zile zamu zilizotoka Los Angeles nazo hazikutumiwa kwa pupa. Ya mwaka 2022 ilichanganywa na nyingine ili kumpata mdakaji Jameson Williams, ambaye wakati huo alikuwa anauguza goti. Uamuzi huo uliweza kulaumiwa, na kwa msimu mmoja na zaidi lawama zilikuwa na haki. Ya mwaka 2023 ilikuwa zamu ya 6. Detroit iliikabidhi kwa timu ya Arizona ikarudi nyuma hadi ya 12, na katika mapatano hayo ikapata pia zamu ya 34. Kwa zamu ya 12 ilimchagua mkimbiaji Jahmyr Gibbs. Kwa ya 34, Sam LaPorta, ambaye alidaka mipira 86 katika msimu wake wa kwanza. Wataalamu wengi walicheka kwamba mkimbiaji hachaguliwi mapema hivyo. Walisahau kwamba mkimbiaji yuleyule aliye bure nyuma ya ukuta mbovu ni hazina nyuma ya ukuta mzima.

Mavuno hayakuja upesi. Msimu wa 2021 timu ilishinda mara tatu tu. Mwaka 2022 ilianza kwa kushindwa mara sita katika michezo saba, na katika siku hizo kelele za kutaka kocha afukuzwe zilikuwa kubwa. Mmiliki wa timu, Bibi Sheila Ford Hamp, alijitokeza mbele ya waandishi wa habari akasema kwamba viongozi wake wataendelea na kazi. Katika michezo 10 iliyosalia Detroit ilishinda minane. Desemba mwaka huo, dhidi ya Minnesota, timu ikihitaji yadi chache ili kumaliza kazi, ule utaratibu maalumu wa sheria ulitumiwa: mpira ulirushwa kwa Sewell, mtu wa ukuta, naye akaudaka.

Tarehe 14 Januari, 2024, Rams ilifika Detroit kwa mchezo wa mtoano, ikiongozwa na Stafford. Detroit ikaongozwa na Goff, yule nyongeza ya bei. Matokeo yalikuwa 24 kwa 23, na watu waliozaliwa baada ya ushindi wa mwaka 1992 walilia pamoja na wazazi wao wakiliita jina la Goff. Safari ya mwaka huo ilikomea San Francisco, ambako Detroit iliongoza 24 kwa 7 hadi mapumziko, kisha ikapoteza 34 kwa 31. Msimu wa 2024 ilishinda michezo 15 kati ya 17 na kufunga pointi 564, nyingi kuliko timu yoyote ya ligi mwaka huo, kabla ya kutolewa na Washington nyumbani kwake.

Wapo wanaoipinga kanuni yenyewe ya uteuzi, na hoja yao si ya kupuuzwa. Kijana anayehitimu ualimu au uhandisi huomba kazi anakotaka. Huyu hupangiwa mji na mwajiri, na tangu mkataba wa mwaka 2011 baina ya wamiliki na chama cha wachezaji, malipo yake ya mwanzo hufuata namba ya zamu yake. Usawa wa timu umegharimiwa na uhuru wa vijana. Watetezi wa kanuni hujibu kwamba bila hiyo mji kama Detroit, uliotangaza kufilisika mwaka 2013, usingepata kitu mbele ya miji ya pwani. Majibu hayo yana uzito, lakini humtwika kila meneja wajibu mkubwa zaidi: ikiwa kijana hakuchagua kuja kwako, basi angalau akute mahali pa kusimama. Harrington na Rogers hawakupakuta.

Ukuta nao huhitaji kukarabatiwa. Januari 2025 kocha wa mashambulizi, Bw. Ben Johnson, aliyepanga mbinu zote hizo, aliondoka kwenda kuwa kocha mkuu wa Chicago Bears. Juni mwaka huohuo Frank Ragnow, mtu wa katikati ya ukuta, alistaafu akiwa na miaka 29, mwili ukiwa umechoka kwa majeraha. Nyota wote walibaki: Goff, Gibbs, St. Brown, Williams. Hata hivyo, kwotabeki alianza tena kukimbizwa, mkimbiaji akaanza kukuta mlango umefungwa, na msimu wa 2025 timu haikufika kwenye mtoano. Kwa kuwa ilikuwa imeshinda sana mwaka uliotangulia, zamu yake ya kwanza Aprili 2025 ilikuwa ya 28. Katika duru ya pili, zamu ya 57, ilimchagua Tate Ratledge kutoka Georgia, ambaye watu wengi walikuwa hawajapata kumsikia. Ni mtu wa ukuta.