Fundi Alikuwa Nani?

Majuzi nilialikwa harusini Nyamache, katika nchi ya Wakisii, kwenye mashamba ya majani chai. Uwanjani vilipangwa viti vya plastiki, vyeupe vitupu, huwezi kuvitofautisha na vya harusi ya Malindi. Mwenye nyumba akaziona mvi zangu, akaingia ndani, akanitolea kigoda cha babu yake. "Keti hapa, mzee," akaniambia.

Kigoda kile kimechongwa katika gogo moja, hakina msumari wala kiungo. Juu yake zimepachikwa shanga, moja moja, zikafanya nakshi. Nikamwuliza, "Fundi wake nani?" Akatabasamu. "Babu alimjua. Sisi hatukuuliza."

Jawabu lile lilinichoma, maana lanihusu na mimi. Kwetu mwambao tuna kiti cha enzi: mbao nyeusi, nakshi ya pembe au mfupa, mgongo uliosukwa kwa uzi. Lamu, Siyu, Mombasa hata Unguja, hicho ndicho kiti cha mgeni mheshimiwa. Tukiulizwa nani aliyekiunda, twajibu, "Mafundi wa kale." Basi.

Sasa watazame wenzetu. Mwaka 1925, huko Ujerumani, kijana wa Kihungari aitwaye Marcel Breuer, umri wake miaka 23, aliutazama usukani wa baiskeli yake, akapata wazo la kuunda kiti kwa bomba za chuma zilizopindwa. Chuo alichofundisha, Bauhaus, kilifungwa mwaka 1933. Lakini jina lake na kisa cha baiskeli vyasimuliwa hadi leo, na kiti chenyewe chaitwa Wassily, kwa jina la mchoraji Wassily Kandinsky, mwalimu mwenziwe.

Je, fundi wa Kisii au wa Siyu alipungukiwa na akili? Hasha! Alichokosa ni mtu wa kuliandika jina lake. Na sisi tulioketi mkekani chuoni, tukafundishwa kwamba hadithi haipokewi bila isnadi, fulani kutoka kwa fulani, tuna udhuru gani?

Msomaji, ikiwa nyumbani kwako mna kiti cha urithi, mwulize mzee wako leo: fundi alikuwa nani, wa mtaa gani, alifunzwa na nani? Kisha andika. Kesho mzee hayupo. Kiti kitabaki, na jina limekwenda naye kaburini.