Mubaya wa mchezo akitoka kwenye televisheni, nani afunge mlango?

Swali moja limerudi katika simu na ujumbe wa wasikilizaji wetu mara nyingi kuliko bei ya makala na unga: tuwakataze watoto vyumba vya video, ao tuwaache?

Wengi wanaouliza ni wazazi waliokimbia vita Masisi, Rutshuru na Nyiragongo. Wanaona mtoto ametoka kwenye chumba cha video huko Ndosho ao Majengo, anakamata kijiti kama bunduki, anaanguka, anasimama, anaanza tena. Mama mmoja wa Masisi alituambia kwamba mtoto wake wa miaka minane alitazama filamu ya wabaya wanaotoka ndani ya mchezo wa video. Usiku akauliza: "Mama, ule mutu mubaya wa mu filme anaweza fika hapa kwetu?" Mama alikosa jibu. Alitaka kusema hapana, lakini mtoto huyo aliona mtu mwenye bunduki mlangoni mwao kabla hajaona televisheni hata siku moja.

Maoni yangu ni haya: kukataza peke yake hakutoshi, na mara nyingine ni njia yetu sisi wakubwa ya kukwepa swali. Mtoto anahitaji mtu mzima akae karibu naye, amwambie wazi mchezo unaishia wapi na hatari ya kweli inaanzia wapi.

Kwa wasiozijua filamu za namna hii, nitoe mfano. Mwaka 2011 televisheni ya watoto ya Marekani, Cartoon Network, ilionyesha filamu iitwayo Level Up, na mwaka 2012 ikaendelea kama mfululizo. Wanafunzi wa sekondari wanaopenda mchezo mmoja wa intaneti wanafungua, bila kukusudia, mlango kati ya mchezo huo na mji wao. Mazimwi na wabaya wa mchezo wanaanza kuingia mjini. Wanafunzi hao wanapigana nao mmoja baada ya mwingine, na wakubwa wengi mjini hawajui kinachoendelea. Ni filamu ya kuchekesha, na mtoto akicheka hakuna dhambi.

Lakini tukumbuke mwaka ule wa 2012 ulikuwaje hapa. Novemba 20, mji wa Goma ulianguka mikononi mwa M23 kwa mara ya kwanza. Mtoto wa Marekani alizima televisheni na mubaya akabaki ndani. Sisi tulizima taa ili mwenye bunduki, awe wa upande wowote, asijue kama nyumbani kuna watu. Ndiyo maana filamu moja ikionyeshwa kwao na kwetu, watoto hawaioni kwa macho yale yale.

Kuna mambo matatu ambayo mchezo unamwambia mtoto, na ambayo hapa kwetu yanaweza kumuua. Hayo ndiyo mzazi anapaswa kuyasahihisha.

La kwanza ni kuokota. Katika michezo mingi ya vita, silaha ziko chini zinakungoja. Ukiokota guruneti unapata nguvu, ukiokota risasi unasonga mbele. Sasa fikirieni Goma baada ya mapigano ya Januari 2025. Risasi, maguruneti na mabomu yasiyolipuka yalibaki mitaani, uwanjani, na pembeni ya mahali watu waliokimbia walikuwa wamelala. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa mabomu, UNMAS, wamefanya kazi ya kuyatafuta na kuwafundisha watu, lakini hawawezi kupita kila shamba kuanzia Sake mpaka Kibumba. Mtoto anayetafuta vyuma vya kuuza anaona kitu kinang'aa kati ya mawe ya volkeno. Mchezo umemfundisha kuchukua. Nani amemfundisha kuacha?

Kanuni ni fupi, na mtoto wa miaka mitano anaweza kuishika: usiguse, usirushie jiwe, usichome moto, rudi kwa njia uliyopitia, mwambie mtu mzima. Familia zinazorudi vijijini ziirudie kila asubuhi kabla mtoto hajaenda kuchota maji ao kutafuta kuni.

La pili ni kufa. Katika mchezo unakufa, unahesabu tatu, unarudi. Watoto wetu wanajua zaidi ya hapo. Mei 3, 2024 mabomu yaliangukia kambi za waliokimbia vita upande wa Mugunga na Lac Vert, na kati ya waliokufa walikuwamo watoto. Wenzao waliobaki wanajua kwamba hawakurudi. Kwa hiyo mtoto akicheza kufa mbele ya hema ao uani, tusikimbilie kusema video imemharibu. Watoto walicheza vita kambini ambako hapakuwa na umeme wala televisheni, kwa bunduki za miti. Mtoto asiye na maneno anaeleza kwa mchezo alichokiona. Badala ya kumpiga, muulize: "Huyu aliyeanguka ni nani? Nani atamsaidia?" Mara nyingi utasikia habari ambayo hajawahi kukuambia. Na kama halali usiku, anajikojolea ao haongei tena, mpeleke mahali wanapopokea watoto na kuwasikiliza, kwenye kituo cha afya, shuleni ao kanisani. Usingoje apone peke yake.

La tatu ni mkubwa anayetoa kazi. Katika mchezo kuna sauti inasema: nenda pale, fanya hivi, utapata zawadi. Vijana wetu wanaiita misheni. Na katika jimbo letu la Kivu ya Kaskazini kuna watu wazima wanaomfuata mtoto mwenye njaa kwa maneno hayo hayo. Jambo hili si geni kwetu. Neno kadogo lilienea nchi nzima kutoka huku mashariki mwaka 1996, wakati AFDL ya Laurent-Désiré Kabila ilipochukua watoto na kutembea nao kwa miguu mpaka Kinshasa. Wakati ule watu wengine waliwapigia makofi. Leo kadogo hao ni watu wazima, na wengi wao hawakupata shule wala kazi.

Sheria iko wazi. Sheria ya Kongo ya Januari 10, 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumwingiza mtoto aliye chini ya miaka 18 katika jeshi, polisi ao kundi lolote la silaha. Thomas Lubanga alihukumiwa huko La Haye mwaka 2012 kwa kuwatumia watoto vitani Ituri, akapata miaka 14. Bosco Ntaganda, ambaye watu wa Goma wanamjua vizuri, alipata miaka 30 mwaka 2019 kwa makosa mengi ya Ituri, na kutumia watoto ni mojawapo. Mtoto ajue hivi: mkubwa anayekupa bunduki anavunja sheria, hata akikuita shujaa, hata akisema anatetea kabila lako ao nchi yako.

Na hapa ndipo filamu ile na maisha yetu vinapoachana kabisa. Katika filamu watoto ndio waliofungua mlango, kwa hiyo wanaufunga wao. Hapa mlango umefunguliwa na wakubwa. Tazameni Rubaya, kule Masisi. Koltani inayochimbwa pale inatoa tantali, madini yanayoingia katika vipande vidogo vya simu, kompyuta na mashine za michezo. Udongo wa Masisi unaweza kufika kwenye sebule ya mtoto wa Ulaya ukiwa ndani ya mchezo, na mtoto wa Masisi akawa hana sebule. Hakuna mtoto aliyetia saini mkataba wa madini, hakuna mtoto aliyeagiza bunduki. Kumwambia mtoto kwamba tatizo ni filamu anayoitazama ni kumtwika mzigo wa watu wengine.

Najua watakaopinga. Watasema vyumba vya video vina moshi, matusi na vijana wakubwa wanaowanyang'anya wadogo pesa. Ni kweli, na sitetei hayo. Wenye vyumba wapewe masharti: mtoto asiingie saa za masomo, wadogo wasikae pamoja na wakubwa, michezo ya kuua isiwekwe mbele ya mtoto wa miaka saba wakati mpira upo, na jua likizama mtoto aende nyumbani. Wakubwa wa mtaa wanaweza kusimamia hayo bila kungoja amri kutoka juu.

Lakini swali langu kwa wanaotaka kufunga kila kitu ni hili: mtoto akitoka pale aende wapi? Kambi za Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya zilivunjwa Februari 2025. Familia nyingi zilirudi kwenye nyumba zisizo na paa, nyingine zinabanana kwa ndugu hapa mjini. Shule nyingi vijijini ziliharibiwa ao zilifungwa, na pale zilipofunguliwa mzazi hana pesa ya daftari. Ukifunga chumba cha video bila kumfungulia mtoto darasa ao uwanja, umempeleka barabarani pamoja na maibobo, na huko ndiko wanakopita wale wanaotafuta kadogo wapya.

Wazazi mtasema: sina muda, natafuta chakula tangu asubuhi. Naelewa. Siombi saa nzima. Wakati maharagi yanachemka, muulize mtoto amecheza nini leo, mubaya alikuwa nani, na alishindwaje. Akiuliza kama mubaya wa filamu anaweza kufika, usimdanganye wala usimtishe. Sema: "Huyo wa filamu hawezi kutoka. Watu wabaya wapo kweli, ndiyo maana nakuambia usiokote kitu, usifuate mtu anayekuahidi pesa, na ukisikia risasi lala chini. Mimi niko hapa." Ikiwa wazazi hawapo, shangazi aseme, dada mkubwa aseme, mwalimu aseme.

Sisi wa redio tunaweza kufanya sehemu yetu: kanuni ya kutookota ipite hewani kila siku kwa Kiswahili, Kinande, Kihunde na Kinyarwanda, saa ambayo watoto wanasikiliza. Nitaiomba nafasi hiyo katika kipindi chetu. Ninyi wasikilizaji, anzeni leo jioni na mtoto mmoja. Kisha mtupigie mtuambie alichouliza, maana maswali yao ndiyo yatatuonyesha mahali pa kuanzia.