Muache kuwasema waimbaji wahami, kosa liko kwenye kaske

Katika studio ndogo za hapa Goma kuna neno moja ambalo korali za wahami zimelichoka: «Hamujui kufuata muziki.»

Wanaambiwa hivyo wamama ambao kanisani wanaimba bila ngoma na hawapotezi hata pigo moja. Muziki umekwisha kurekodiwa, wao wanakuja kuongeza sauti juu yake. Wanarudishwa mara nane, mara kumi. Saa inakwisha, pesa waliyochanga inakwisha, wimbo unabaki nusu. Na wimbo huo ndio wangetaka upigwe redioni, ili ndugu aliyekimbilia upande mwingine ajue kwamba wako hai.

Mafundi wa sauti, tusemezane. Mama akianza kuchelewa nyuma ya muziki, au akitoa kaske kwenye sikio moja, munamkaripia. Anatafuta sauti yake ya kweli! Ile munayomtumia inafika imechelewa.

Hesabu si ngumu. Munaipitisha sauti yake kutoka mikro hadi konsole ya dijitali, inaingia kwenye kompyuta, halafu inarudi kwenye konsole ndipo ifike masikioni. Kompyuta inakusanya sauti kwa mafungu kabla ya kuishughulikia. Mukiweka fungu, yaani bafa, la sampuli 1024 kwa mwendo wa sampuli 48,000 kwa sekunde, kuingia ni milisekunde 21 na kutoka ni 21 nyingine. Zaidi ya 42. Hewani, sauti inatembea mita 14 hivi kwa muda huo. Mama anajisikia ndani ya kichwa chake sasa hivi, halafu anajisikia tena kama mtu anayemuiga kutoka ngambo ya barabara. Nani ataimba vizuri hivyo?

Wengine wanajibu: tutapunguza bafa hadi 64. Sawa, kama kompyuta ina nguvu. Zile tulizo nazo zinaanza kukwaruza sauti. Wengine wanaomba korali ichangie mashine mpya. Hiyo ndiyo inayonikasirisha zaidi, kwa sababu dawa iko tayari chini ya vidole vyao.

Konsole yenyewe inaweza kupeleka mikro moja kwa moja kwenye kaske, bila kupita kompyuta. Kuchelewa kwake ni milisekunde chache sana, sikio halihangaiki. Kompyuta irudishe muziki tu, kwenye chaneli mbili, na fundi auchanganye na mikro katika njia ya kaske. Lakini lazima azime ile kitufe cha programu kinachorudisha sauti ya mikro inayorekodiwa. Akisahau, mama atajisikia mara mbili, na hapo ni afadhali ya zamani. Kama anapenda mwangwi kidogo ili aimbe kwa raha, uwekwe na konsole kwenye kaske peke yake. Ile programu ya kunyoosha sauti, ambayo vijana wanaipenda mno, ingoje baada ya kurekodi.

Fundi mmoja aliniambia kwamba hata hivyo sauti inaonekana nyuma ya muziki kwenye skrini. Inawezekana. Hiyo ni programu imekosea hesabu ya safari. Atume pigo moja kutoka kompyuta lirudi kwa waya kwenye mlango wa kuingilia, apime limechelewa kiasi gani, aandike namba hiyo kwenye programu. Ni kazi ya dakika chache, na si korali inayopaswa kuilipia.

Nanyi wamama na wapapa wa korali, mukifika studio, kabla saa haijaanza kuhesabiwa, muombe kaske na mupige makofi mara moja mbele ya mikro. Mukisikia makofi mawili, musiimbe bado. Mumuambie fundi arekebishe kwanza, kwa saa yake mwenyewe.